Ukihesabu Kilomita, Hesabu na Salamu

"Leo wapi, mwalimu?" Fundi baiskeli aliniuliza asubuhi moja pale Nyashimo, huku akikaza breki yangu ya nyuma.

"Kilomita arobaini," nikamjibu.

Akaweka spana chini, akanitazama. "Hicho kijiji kiko kata gani?"

Vijana wawili waliokuwa wakisubiri kuzibiwa pancha waliangua kicheko. Nami nilicheka, nikalipa, nikapanda. Lakini nilipofika barabara kuu nilikuwa bado nalitafuna swali lile. Miezi minane kabla ya hapo, mtu akiniuliza ninakokwenda ningetaja mahali: Lamadi, Mkula, mnadani, kwa shemeji Badugu. Sasa nilitaja namba, tena bila kusikia kwamba nimetaja namba. Januari ya mwaka ule nilikuwa nimejiwekea lengo la kuendesha kilomita 3,000 kabla ya Desemba kwisha, na kufikia Agosti majina ya vijiji yalikuwa yameanza kunitoka kichwani.

Nawaandikia wanaofikiria kujiwekea lengo la namna hiyo, na wale ambao tayari wanalikimbiza na wameanza kuhema. Lengo la kilomita lina faida, sikuja kulipiga vita. Ila ulijue kabla hujalifunga kwenye baiskeli: huo ni usukani wa pili. Ule wa chuma unaushika wewe. Huu mwingine unakushika wewe. Utakupeleka kwenye kila unachokihesabu, na utakupitisha mbali na kila usichokihesabu.

Tulikuwa tunahesabu nini?

Usukumani baiskeli si ngeni. Wazee walinunua Raleigh kwa fedha za pamba, zikaja Phoenix kutoka China, zikaja Swala zilizotengenezwa hapa hapa nchini. Zimebeba pamba, mpunga, mkaa, maji, wagonjwa na maharusi. Katika yote hayo hakuna aliyehesabu kilomita. Mkulima alihesabu magunia. Kule Shinyanga, ambako baiskeli ya abiria nayo huitwa daladala, mwendeshaji anajua vizuri leo amebeba watu wangapi na amepata shilingi ngapi. Muulize ametembea kilomita ngapi, atadhani unamtania. Na bado umbali wa miguu yake kwa mwezi ungewaaibisha wengi wetu tunaojisifu kwa simu.

Hata safari ndefu tunazozienzi hatuzikumbuki kwa namba. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, kilomita zipatazo 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Waulize wazee wa upande huu wa ziwa: watakuambia alitoka wapi, alifika wapi na alikuwa akisema nini. Kilomita utazitafuta mwenyewe.

Kwa hiyo kuhesabu umbali wa baiskeli kwa ajili ya umbali wenyewe ni desturi mpya kwetu, imekuja na simu zenye ramani. Si mbaya kwa kuwa ni mpya. Inataka tu kufundishwa adabu za mahali ilipofikia.

Namba inavyokuamsha

Nianze na mema yake, maana ni mengi. Mali bila daftari huisha bila habari, na nguvu za mwili ni mali. Kabla sijaanza kuandika, ningekuapia kwamba ninaendesha baiskeli "kila siku". Daftari la mwezi wa kwanza likanionyesha siku tisa.

Kisha hesabu yenyewe inatuliza. Kilomita 3,000 zinasikika kama safari ya kwenda kuvuka mipaka, lakini ukizigawa kwa wiki 52 unapata 58 hivi. Mtu anayekaa kilomita 6 kutoka kazini, akienda na kurudi siku tano, ana 60 bila kuvaa nguo ya michezo. Hilo ndilo badiliko la kwanza: safari ndogo zinapata thamani. Zamani nilipanda bodaboda kwenda kununua sukari. Nilipoanza kuhesabu nikaona kila bodaboda ni kilomita zangu ninazomlipa mtu mwingine anitembezee.

Badiliko la pili ni mwendo. Mtu asiye na lengo la mbali huendesha kama anayefukuzwa na mbwa: anakanyaga kwa nguvu dakika kumi, anapumzika, anakanyaga tena. Mwenye kilomita 50 mbele yake hujifunza haraka kwamba mwendo wa 15 kwa saa, saa tatu mfululizo, humfikisha mbali kuliko 22 kwa saa moja na kisha kulala chini ya mti. Kipimo chake ni mdomo: ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi, huo ndio mwendo wa safari. Ukiweza kusema neno moja moja tu, unaikopa jioni.

La tatu ni sikio. Ukikaa saa nyingi juu ya baiskeli unaanza kuisikia: cheni kavu inalia kama panya, spoki iliyolegea inagonga, beringi iliyochoka inasaga. Unakuwa nusu fundi bila kupenda.

Namba inavyokupofusha

Sasa upande wa pili. Katika mwaka ule namba iliniibia vitu vitatu, na kila kimoja kiliondoka kimya kimya.

Kwanza iliniibia njia. Kilomita ya lami ni rahisi. Ya vumbi ni ghali, na ya udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika haina bei. Daftari langu lilizihesabu zote sawa, kwa hiyo nami nikawa nachagua lami kila mara, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Njia za Ngasamo na Malili nilizozipenda zikaota majani moyoni mwangu. Nilisahau kwamba kilomita hazilingani. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, wanaume walipangiwa kilomita 267.5. Katika ulimwengu wa mbio hizo umbali huo ni wa kawaida, lakini vilima vya Kigali viliwachuja hata waliofika mwisho wakawa 30 tu. Kilomita ni ileile, kinachoibeba ndicho tofauti.

Pili iliniibia salamu. Kwetu humpiti mtu mzima kama unavyopita nguzo ya umeme. Unapunguza mwendo, unasema *mwangaluka*, unaitikiwa, unaulizwa ya nyumbani, unajibu *mhola*, ndipo unaendelea. Mtu anayetazama wastani wa mwendo kwenye simu huona kila salamu inavyomshusha. Nikajifunza kuinua mkono bila kuachia pedeli. Siku moja mama anayeuza viazi kando ya barabara alimuuliza mke wangu kwa huruma kabisa: "Baba watoto ana kesi? Siku hizi anapita kama anayekwenda kusikiliza hukumu."

Tatu iliniibia busara, na hili ndilo la hatari. Nilikuwa na kilomita 1,940 nilipoanza kuisikia beringi ya gurudumu la nyuma ikisaga. Siku ya kumpelekea fundi ni siku isiyo na kilomita, nami nilitaka kufika 2,000 kabla ya mwisho wa mwezi. Nikaendelea. Katikati ya barabara ya vumbi, jua la saa saba likiwa utosini, gurudumu likakataa kuzunguka. Nilisukuma baiskeli saa mbili na nusu. Kilomita za kusukuma nazo nilitaka kuziandika, nikaona haya.

Usinicheke peke yangu. Wapo wanaorudi nyumbani na 49.2 kisha wanazunguka stendi gizani mara kadhaa ili simu iandike 50. Wapo wanaomwacha mwenzao mwenye pancha. Wapo wanaokataa kumpakia mtoto wao kwenye keria kwa sababu atawapunguzia kasi. Ukijiona katika lolote kati ya hayo, jua usukani wa pili umeshakata kona.

Chagua lengo kwa kujua litakugeuzia wapi

Dawa yake ni kuchagua kwa macho wazi, bila kuacha malengo. Kila aina ya lengo hufinyanga mwendeshaji wake kwa namna yake.

*Jumla ya mwaka.* Hili hupenda wanaoendesha mara nyingi, hata kidogo kidogo. Ni zuri kwa anayeanza, ila likikuzwa kupita kiasi halina mwisho. Mwaka 1939 Mwingereza Tommy Godwin aliendesha maili 75,065 katika mwaka mmoja, yaani kilomita 120,805, wastani wa 331 kila siku. Sehemu kubwa ya safari hiyo alidhaminiwa na Raleigh, kampuni ileile ambayo baiskeli zake wazee wetu walizinunua baada ya mavuno. Vita Kuu ya Pili ilimkuta barabarani, na taa ikabidi zifunikwe. Aliendelea hadi Mei 1940 alipotimiza maili 100,000, kisha inasimuliwa kwamba alihitaji wiki kadhaa kujifunza upya kutembea. Rekodi yake ya mwaka ilikaa zaidi ya miaka 75. Mwaka 2017 Mmarekani Amanda Coker alifikisha kilomita 139,326 kwa siku 365, na sehemu kubwa ya hizo alizipata kwa kuzunguka njia moja ya maili saba hivi ndani ya bustani huko Florida. Ni ushujaa usio na shaka. Lakini tazama lengo lilivyoigeuza safari: ili namba iwe ndefu, njia ilibidi iwe duara.

*Siku moja ndefu.* Ukisema "nataka kilomita 100 kwa siku", lengo hili litakufundisha kula, kunywa, kutunza makalio na kuwa na subira. Halikulazimishi kuendesha kila siku, na likishatimia linakuacha. Ufaransa kuna utamaduni wa zamani wa safari hizi, ulioenea sasa duniani: kilomita 200 unapewa saa 13 na nusu, pamoja na kula na kutengeneza baiskeli. Safari yao kubwa, ya Paris hadi Brest na kurudi, ni kilomita 1,200 na ukomo wake ni saa 90. Wa kwanza hapewi kombe. Anayefika ndani ya muda amefika. Piga hesabu uone: kwa zile 200, huo ni mwendo wa karibu kilomita 15 kwa saa ukichanganya na mapumziko. Phoenix isiyo na gia inaweza.

*Namba ya Eddington.* Sir Arthur Eddington alikuwa mwanafalaki wa Uingereza, yule ambaye mwaka 1919 alipima jinsi mwanga wa nyota unavyopinda karibu na jua lililopatwa, kulijaribu wazo la Einstein. Alipenda pia baiskeli, na alibuni kipimo chake. Namba yako ni 30 kama umewahi kuwa na siku 30 ambazo kila moja ulifikisha kilomita 30 au zaidi. Ukitaka 31, unahitaji siku 31 za kilomita 31 au zaidi, na zile siku ulizokomea 30 kamili hazikusaidii tena. Yeye alifika 84, tena kwa maili. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakinunuliki kwa wiki moja ya wazimu, na hakikuadhibu ukipumzika. Ubaya wake ni kwamba utaanza kuzidharau safari fupi za sokoni, kwa kuwa hazikuongezei kitu.

*Saa badala ya kilomita.* Hili ndilo ninalowashauri wanaoishi kwenye barabara za vumbi. Ukihesabu saa nne kwa wiki, njia ya mchanga haikupunji, kilima hakikuibii, na ukisimama kumsaidia mtu hujisikii umetapeliwa.

*Mahali.* Orodhesha kata zote za wilaya ya Busega, uzifikie zote kwa baiskeli kwa mwaka mmoja. Kisha vuka, ufike makao makuu ya kila wilaya nyingine ya mkoa wa Simiyu: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu. Hapo ukiulizwa unakwenda wapi, utakuwa na jibu.

Ushauri wangu: changanya mawili yanayovutana. Jumla ya mwaka pamoja na orodha ya mahali, au siku moja ndefu pamoja na saa za kila wiki. Lengo moja likikuvuta upande mbaya, la pili linakurudisha barabarani.

Miezi mitatu ya kwanza

Usianze na unachokitaka, anza na ulichonacho. Andika wiki mbili bila kubadili chochote, ujue unaendesha kiasi gani. Tuseme ni kilomita 40 kwa wiki. Wiki 12 zinazofuata zinaweza kwenda hivi: 40, 44, 48, 35, kisha 50, 55, 60, 45, kisha 65, 70, 75, 50. Jumla 637. Kila wiki ya nne unashuka makusudi. Mwili hujengeka unapopumzika, na magoti hayana haraka sawa na mapafu. Ukiacha safari kubwa ya mara moja moja, siku yako ndefu ya wiki isizidi nusu ya kilomita za wiki nzima.

Kabla ya hayo, panga kiti. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki na mkunjo mdogo unaotakiwa. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi husema kiti kiko chini, ya nyuma ya goti husema kimepanda mno. Pandisha au shusha kidogo kidogo, upana wa kidole si zaidi. Vaa kaptula isiyo na mshono mnene unapokalia, paka mafuta ya mgando palipo na msuguano, na ukirudi oga na ufue ile nguo. Viganja vikifa ganzi, badili mahali unaposhika kila dakika chache.

Kama unatumia mita ndogo ya kufunga kwenye usukani, itakuuliza mzunguko wa gurudumu. Usikisie. Weka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, kaa juu ya baiskeli, isukumwe mpaka alama iguse tena sakafu, upime. Gurudumu la 28 hutoa mita 2.2 hivi. Ukikosea kwa sentimita 5 tu, kwenye kilomita 3,000 utakuwa umedanganywa, au umejidanganya, karibu kilomita 68. Nguzo za kilomita za barabara kuu nazo ni mashahidi wazuri.

Kifuko cha safari kiwe na pampu, viraka, solusheni, spana ya nati za magurudumu na vijiko viwili vya kubandulia tairi. Anayekwenda mbali bila hivyo anategemea huruma ya lori.

Upepo, udongo, na kilichomo mfukoni

Ziwa lina ratiba yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huingia kutoka ziwani kuelekea bara. Usiku hugeuka. Sasa angalia mtego wake kwa mkazi wa Nyashimo: ukitoka alfajiri kuelekea bara unaweza kuukuta upepo wa usiku bado unakupinga, na ukirudi alasiri unakutana na upepo wa ziwa usoni. Unapigwa pande zote mbili. Njia ni kutoka mapema na kurudi kabla jua halijapanda sana, au siku ya upepo kufuata barabara inayokwenda sambamba na ziwa. Kokote uendako, anza kwa kuupinga upepo, ili ukurudishe nyumbani ukiwa umechoka.

Kutoka mapema kusiwe kutoka gizani. Huku kwetu jua huchomoza saa 12:40 asubuhi hivi. Subiri uone alama za barabara. Kwenye lami ya Mwanza kwenda Musoma mabasi hayana muda na wewe: vaa shati la rangi kali, funga kiakisi mwanga nyuma, usizibe masikio kwa muziki, na ukisikia honi ndefu nyuma yako shuka kando bila kubishana. Haki yako barabarani ni ya kweli, lakini basi halijaisoma. Na kumbuka majirani wengine: pori la akiba la Kijereshi na ncha ya magharibi ya Serengeti ziko hapa hapa. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na tembo haombi njia. Waulize wenyeji wa unakopita wameona nini jana. Hiyo nayo ni kazi ya salamu.

Masika udongo wa mbuga hugeuka ulimbo. Hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu lisimame. Wiki hizo punguza lengo bila kujilaumu. Ndiyo maana anayetaka 3,000 afanye hesabu ya wiki 40 na si 52, yaani 75 kwa wiki. Wiki 12 zinazobaki ni za mvua, malaria, misiba na kupalilia.

Chakula cha safari hatuhitaji kukiagiza ng'ambo. Matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, kukatwa na kukaushwa, ni wanga uliofungashwa na bibi zetu kabla ya kiwanda chochote. Hayavunjiki, hayayeyuki, hukaa mfukoni. Ongeza ndizi na karanga. Safari ikizidi saa moja na nusu, kula kidogo kila baada ya nusu saa, kabla njaa haijaja, maana ikishafika umechelewa. Maji kunywa mafunda machache kila mara. Siku ya jua kali, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vitakurudishia unachokitoa kwa jasho. Ukiona jasho limekatika huku joto lipo, ngozi inasisimka na kichwa kinauma, safari imekwisha: kaa kivulini, upoe, kunywa, uite mtu.

Na siku yako ya kwanza kubwa? Ninaipendekeza barabara ya lami ya Lamadi hadi Bariadi, karibu kilomita 72. Ifanye ya upande mmoja. Lala Bariadi kwa ndugu, urudi kesho yake, au upakie baiskeli kwenye gari. Kwenda na kurudi siku ileile ni 144, na hiyo ni shule nyingine kabisa, isiyo ya mwezi wa tatu.

Daftari lenye safu nne

Baada ya kukokota baiskeli ile siku ya beringi, sikulitupa daftari. Nililipiga mistari upya. Safu ya kwanza tarehe. Ya pili kilomita. Ya tatu mahali, kwa jina lake, hata kama ni mtaa wa tatu kutoka hapa. Ya nne nikaandika juu yake "Nani", yaani mtu mmoja niliyesimama tukazungumza.

Sheria ni moja: siku isiyo na jina kwenye safu ya nne, kilomita zake hazihesabiwi. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini kumbuka usukani wa pili: hukupeleka kwenye unachokihesabu. Wiki ya kwanza nilisimama kwa yule mama wa viazi kwa ajili ya daftari tu, nakiri. Wiki ya tatu alinieleza kwamba daraja la njia ya mkato limebomoka, nikaokoka kulala njiani. Kufikia Novemba safu ya nne ndiyo niliyoisoma kwanza nikifungua daftari. Kilomita zangu za wiki zilipungua kidogo. Njia za Malili na Ngasamo zilirudi. Na magoti, yaliyokuwa yakilalamika tangu Juni, yalinyamaza. Sijui nani wa kumshukuru kati ya mapumziko na maongezi.

Wewe si lazima uandike watu. Andika ndege, andika mashamba ya pamba yaliyopasuka, andika mgahawa wenye chai nzuri. Lakini andika kitu cha pili, kisichopimwa kwa simu, na ukipe uwezo wa kufuta kilomita.

Desemba 31 mwaka ule jioni nilijumlisha. Nilikuwa na kilomita 2,912. Baiskeli ilikuwa mlangoni, matairi yana upepo, na kulikuwa na saa mbili za mwanga, ambazo kwa vyovyote zisingetosha. Nikazitumia kwenda kwa fundi kumtakia mwaka mpya, kilomita moja na robo. Zile zilizobaki bado nadaiwa, na mpaka leo hakuna aliyekuja kuzidai.